Mama anapika, baba anasoma gazeti: kitabu cha lugha kinamfundisha nini mwanangu?

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni muuguzi, nafanya kazi za zamu hapa Tanga. Mume wangu ni fundi cherehani na kazi yake ipo hapo hapo barazani nyumbani, kwa hiyo siku nikiwa zamu yeye ndiye anayepika na kuwaogesha watoto. Juzi binti yetu wa darasa la pili alikuwa na zoezi la Kiswahili la kujaza nafasi: 'Mama ana____ chakula. Baba ana____ gazeti.' Nikamwambia ageuze, aandike baba anapika chakula, maana ndivyo ilivyo kwetu. Akakataa kabisa, eti mwalimu atampa kosa. Nikakaa nikapekua kitabu chote, na cha Kiingereza pia. Wavulana wanapanda miti, wanacheza mpira, wanasafiri. Wasichana wanafagia na kubeba ndoo. Mume wangu anasema nakuza mambo, yeye kasoma vitabu hivyo hivyo na bado anapika. Mwenzangu kazini anasema Kiswahili hakina shida hiyo kwa sababu hakina 'he' na 'she', shida ni ya Kiingereza. Je, vitabu hivi vina madhara kweli? Nimwambie mtoto asivifuate? Nilalamike shuleni? Mdogo wake wa kiume anaanza darasa la awali mwakani."*

Marahaba, dada yangu. Pole na zamu.

Nikikuelewa vizuri, unauliza kama zoezi la nafasi mbili tatu linaweza kumfundisha binti yako kitu ambacho nyumbani kwenu hakipo, na kama linaweza, mzazi afanye nini bila kumgombanisha mtoto na mwalimu wake. Nitafika huko. Kwanza niwajibu hao wawili waliokushauri, kwa sababu kila mmoja ana sehemu ya ukweli.

Mwenzako kazini yuko sahihi kwenye sarufi. "Anaendesha gari" haituambii ni Juma au ni Asha. Mwalimu, daktari, rubani, hakimu, mkulima: hakuna jina hata moja hapo linalobadilika kwa sababu ya jinsia ya mtu. Kiingereza hakimpi mwandishi nafasi hiyo. Akishamtaja daktari, sentensi inayofuata mara nyingi inamdai achague "he" au "she". Lakini kitabu cha darasa la pili si sarufi tupu. Kina picha, kina majina ya watu, kina baba, mama, kaka, dada, shangazi na mjomba. "Mkulima analima shamba" ni sentensi iliyo wazi mpaka mchoraji achukue kalamu. Akichora mwanamume mwenye kofia ya ukili na jembe begani, ameshaamua kwa niaba ya mtoto, na mhariri anayepitia maandishi peke yake hataona kitu, kwa sababu kwenye maandishi hakuna kitu. Upendeleo wa vitabu vya Kiswahili unakaa zaidi kwenye picha na majina. Kituruki nacho hakina "he" na "she", na waliopima jambo hili kwa wasemaji wake walikuta majina ya kazi yasiyo na jinsia yanamleta mwanamume kichwani kwa kazi fulani na mwanamke kwa kazi nyingine. Sarufi huacha nafasi, mazoea huijaza.

Chukua mfano wa mvuvi. Karibu kila kitabu nilichowahi kushika kinamchora mwanamume ndani ya ngalawa, ana nyavu au mshipi. Sasa shuka Paje au Jambiani, Unguja, maji yakishakupwa. Utawakuta wanawake wamejaa pwani wakifunga na kuvuna mwani, kilimo kilichoanza huko kibiashara mwaka 1989 na ambacho wanawake ndio wengi wanaokifanya hadi leo. Bamvua likifika utawaona wengine wanatembea miambani na vijiti, wanasaka pweza. Ni kazi ya bahari na ni riziki ya nyumba nzima, ila haijapata mchoraji.

Mumeo naye ana hoja. Ukurasa mmoja haumfanyi mtu, na yeye ni ushahidi. Ila muulize ni nani aliyemfundisha kupika, na alikuwa na umri gani. Sidhani atakutajia kitabu. Wanaume wengi wanaopika majumbani waliingia jikoni kwa sababu maisha yaliwaingiza: walipanga chumba, walikaa bweni, mama aliugua, mke ana zamu. Shule haikuwazuia kwa nguvu, lakini haikuwasaidia pia. Na wapo waliokutana na hali hiyo hiyo wakaona ni fedheha.

Sasa niseme linalonihusu zaidi kama mtu wa kufundisha lugha.

Kitabu cha lugha hakifanyi kazi kama kitabu cha sayansi. Sayansi ikisema jambo, mtoto anajua kwamba jambo hilo ndilo somo, na anaweza kuuliza kwa nini. Kitabu cha lugha kinafundisha umbo la sentensi. Kilichomo ndani yake kimewekwa ili umbo lisiwe tupu. Somo la leo ni wakati uliopo, -na-. "Mama anapika. Baba anasoma. Dada anafagia. Kaka anacheza." Mtoto anaisoma kwa sauti, anaiitikia na darasa zima, anaiandika daftarini, anaandikishwa imla, halafu anakutana nayo tena kwenye jaribio ikiwa na mapengo. Mara zote hizo akili yake iko kwenye -na-. Hakuna aliyemwambia kwamba kupika ni wajibu wa mama. Ameitamka tu mpaka ikamzoea mdomoni, na kwa kuwa haikuwa somo la siku, hakuna aliyeijadili. Mwalimu mwenyewe angeshangaa kuambiwa kwamba siku hiyo alifundisha mgawanyo wa kazi za nyumbani.

Ongeza umri. Kati ya miaka 5 na 8 mtoto anatafuta kanuni kila mahali. Ndiye yule anayemsahihisha bibi yake, anayekukataza kuvaa kitenge fulani kwa sababu "hicho ni cha nyumbani". Wavulana wanafanya nini, wasichana wanafanya nini, kwake nazo ni kanuni, na anazishika kwa ukali kuliko mtu mzima. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani waliwasimulia watoto habari za mtu "mwenye akili sana" kisha wakawaonyesha picha za wanaume na wanawake, wachague ni yupi. Wenye miaka 5 kwa kawaida walimchagua mtu wa jinsia yao. Kuanzia miaka 6, wasichana walianza kupungua kuwachagua wanawake. Hakuna aliyedai kwamba vitabu ndivyo vilivyosababisha. Ninachotaka uone ni umri. Ni umri ule ule tunaomkabidhi mtoto kitabu cha kwanza.

Rudi sasa kwenye zoezi. Binti yako hakukataa kwa sababu anaamini baba hapiki. Anamwona babake akisonga ugali. Alikataa kwa sababu ameshatambua kwamba kuna jibu la nyumbani na kuna jibu la shuleni, na lenye vema ni la shuleni. Hilo lingenisumbua mimi kuliko picha zote za mafagio. Mtoto anayejifunza mapema kwamba kuandika ni kukisia kitabu kinataka nini, badala ya kusema anachokiona, atakuja kuandika insha za kukariri darasa la sita. Utamwona anaandika "siku moja nilienda kijijini kwa babu" wakati babu yake anaishi mtaa wa pili. Kwa hiyo hata mtu asiyejali habari za jinsia, akijali Kiswahili cha mwanawe, ana sababu ya kulitazama zoezi hili.

Na kuna kitu kingine kwenye sentensi ile, watu hukipita. Mtoto wa mjini anawaona wanaume wanapika kila siku: mkaanga chipsi, muuza mishikaki, mpishi wa shughuli mwenye masufuria ya pilau. Anamwona babake anashona, na mafundi cherehani wengi walioko barazani ni wanaume. Lakini kitabuni anayeshona ni dada na anayepika ni mama. Kwa hiyo kitabu hakisemi wanaume hawajui kupika. Kinachosema, bila kukitamka, ni nani anapika bila kulipwa. Binti yako ana miaka saba hivi; Rais pekee anayeweza kumkumbuka ni mwanamke, aliyeapishwa Machi 2021, na picha yake ipo ukutani ofisini kwa mwalimu mkuu. Mambo ya juu yamebadilika mbele ya macho yake. Yasiyobadilika ni ya sufuria na ufagio, na hayo ndiyo yanayojaa kwenye mazoezi ya -na-.

Macho yako hayakukudanganya, wala hili si la Tanzania peke yake. Mwaka 1984 mtafiti Karen Porreca alichambua vitabu 15 vya kufundishia Kiingereza kwa wageni, akakuta wanaume wanachorwa karibu mara mbili ya wanawake, na wanapotajwa pamoja, mwanamume hutangulia. Mwaka 2024 ukatoka uchambuzi wa vitabu vya shule 1,255 vya Kiingereza kutoka nchi 34: maneno ya kiume yalikuwa zaidi ya mara mbili ya maneno ya kike. Miaka 40, na uwiano unakaribiana.

Hata hivyo nakutahadharisha usiishie kwenye kuhesabu. Vitabu vipya ninavyovipitia kazini vimejitahidi kwenye idadi. Ukihesabu picha utapata wasichana kama wavulana, na nyingine wasichana wamevaa koti la maabara. Lakini tazama nani anauliza na nani anajibu kwenye mazungumzo. Tazama nani anapotea njia na nani anamwonyesha. Nani ana jina, na nani ni "mama Juma" tu. Nani anatoa hela dukani. Kitu kimoja kinarudi karibu kila mara: msichana ameruhusiwa kutoka nje, awe rubani, awe mhandisi, ila mvulana hajaruhusiwa kuingia ndani. Humwoni akibembeleza mtoto. Humwoni akilia. Kwa mdogo wake binti yako, hilo ndilo la kuangalia.

Ubaya wake unapimika? Kidogo. Utafiti mmoja mdogo wa Marekani, 2010, uliwapa wanafunzi wa sekondari somo la kemia lenye picha tofauti. Wasichana waliosoma lenye picha za wanasayansi wanawake walilielewa vizuri zaidi kuliko wasichana waliopewa lenye picha za wanaume. Mwingine, 2015, ulihusu watoto 591 wa shule za msingi wanaosoma kwa Kijerumani na Kiholanzi, lugha ambazo zina jina la kazi la kiume na la kike. Kazi zinazozoeleka kuwa za wanaume zilipotajwa kwa majina yote mawili, watoto walijiona wanaziweza zaidi kuliko zilipotajwa kwa la kiume peke yake. Yote haya ni matokeo ya muda mfupi. Mtu akikuambia kitabu fulani kilimfanya msichana fulani asisome uhandisi, usimwamini. Mtoto ana nyumba, ana mtaa, ana televisheni, ana wenzake. Kitabu ni sauti moja kati ya nyingi, yenye mhuri wa shule juu yake. Nyumba kama yenu, ambayo baba anaonekana akipika bila kuombwa radhi na mtu, ina nguvu kuliko ukurasa wowote.

Basi ufanye nini?

Usimwambie asikifuate kitabu. Miaka saba ni midogo mno kubebeshwa vita kati ya mama na mwalimu, na atakayeumia ni yeye. Zoezi la juzi mwache aandike alivyoona sawa. Kisha mpe kazi ya pili, ya nyumbani: "Sasa niandikie sentensi tatu za kweli za nyumba yetu." Baba anapika maharage. Mama anachoma sindano. Bibi anasikiliza redio. Zisahihishe kwa uangalifu uleule wa shule, uziwekee vema nyekundu. Tunataka ajue kwamba ukweli wa nyumbani kwake nao unaandikika, na una alama.

Mkisoma pamoja, badilishaneni majina. Hapa Kiswahili kinatupa urahisi ambao Kiingereza hakina: ukimwondoa Juma ukamweka Asha, kitenzi hakitikisiki. "Asha anapanda mwembe, Juma anabeba ndoo." Mtoto atacheka, na kicheko chenyewe ni mwanzo wa mazungumzo; muulize tu amechekea nini. Kwenye kitabu cha Kiingereza mchezo ule ule unakuwa zoezi zuri la lugha, kwa sababu akigeuza jina itabidi ageuze na "he" na "his" zote. Lakini usifanye kila usiku. Mtoto akigundua kila hadithi ina mtihani wa mama mwishoni, ataanza kukimbia kusoma, na hiyo ni hasara kubwa kuliko picha ya ufagio.

Shuleni nenda, ila usiende na neno "kulalamika". Mwalimu wa darasa la pili ana watoto wengi, ana vitabu vichache, na kitabu hakukiandika yeye. Mchangie hoja itakayomsaidia. Mtaala unamtaka mtoto aweze kutunga sentensi sahihi. Haumtaki athibitishe nani anapika. Kwa hiyo "Baba anapika chakula" ni jibu sahihi, na mwalimu ana uhuru kamili wa kuliwekea vema. Muulize kwa upole: "Mwalimu, mtoto akiandika kinachofanyika kwao, utamkubalia?" Walimu wengi nikiwauliza hivyo hujibu, kwa nini nisimkubalie? Basi muombe aliseme hilo mbele ya darasa, maana watoto ndio wasiojua. Jane Sunderland na wenzake, waliochunguza vitabu vya lugha za kigeni, walionyesha kwamba kitabu chenye upendeleo mikononi mwa mwalimu makini hugeuka mada nzuri, na kitabu kilichosawazishwa kikipata mwalimu asiyejali, hurudi kule kule. Sentensi moja ya mwalimu huyu ina thamani kuliko toleo jipya la kitabu litakalochukua miaka kufika.

Toleo jipya nalo lisisahauliwe. Vitabu vya kiada vya shule za msingi za serikali Tanzania Bara huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Zanzibar ina taasisi yake ya elimu. Kenya, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ndiyo inayoidhinisha vitabu vya wachapishaji. Anwani ipo kurasa za mwanzo. Ukiandika, usiseme "kitabu chenu kinabagua wanawake", kwa kuwa barua ya namna hiyo hujibiwa kwa shukrani na kufungiwa kabatini. Taja jina la kitabu, darasa, mwaka wa kuchapwa, ukurasa, sentensi yenyewe, kisha andika sentensi unayopendekeza mahali pake, yenye urefu ule ule na inayofundisha kitu kile kile. Kubadili majina mawili wakati wa kuchapa upya ni kazi ya dakika chache. Kuchora picha upya kunagharimu, kwa hiyo kwenye picha chagua moja au mbili zinazokuudhi kweli.

Na usidai kitabu ambacho hakuna mama anayepika. Kitabu hicho kitakuwa cha uongo, watoto watakijua ni cha uongo, na kitamfanya mtoto ambaye mamake ni mama lishe aone aibu. Tunachodai ni wapishi wengi zaidi.

Kama mfuko unaruhusu, au hata usiporuhusu, mwongezee vitabu vya ziada. African Storybook ina hadithi fupi za bure kwa Kiswahili, unazisoma kwenye simu au unazichapa. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza 1991, umesaidia kutoa vitabu vingi vya Kiswahili. Ulizia maktaba ya mkoa. Na msimulie watu wa kweli. Mwambie kuhusu Siti binti Saad, msichana wa kijijini Unguja aliyeuza vyungu kisha akavuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi taarabu.

Kuhusu kijana wako anayeanza awali, ushauri ni mfupi: apewe ufagio wa kimo chake na sufuria ya kuosha sasa hivi, wakati bado anaona ni mchezo, na babake awe naye pale.

Yapo mambo ambayo jibu la maandishi halitoshi, inabidi uende mwenyewe. Binti akianza kusema "mimi siwezi hesabu, hesabu ni za wavulana", au akikataa kunyoosha mkono darasani wakati zamani alikuwa anapenda, nenda kaonane na mwalimu wa darasa wiki hiyo hiyo, usingoje kikao cha wazazi. Ukigundua usafi wa darasa ni wa wasichana peke yao na wavulana wapo uwanjani, au mtoto wa kiume anadhihakiwa kwa kusema anapika, hilo si la kitabu tena. Mpelekee mwalimu mkuu, na asipolishughulikia, afisa elimu kata. Shule ikiwa na mwalimu wa malezi na unasihi, anza naye. Kama mtoto anashindwa kusoma kabisa wakati wenzake wanasoma, usilaumu picha: apimwe macho na masikio kwanza. Na mazungumzo haya yakimfungua mtoto akakusimulia kuguswa, kutishwa au kupigwa, na mtu yeyote, piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, au nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, siku hiyo hiyo.